Chupa ya kudumu yahitaji maji ya kuaminika

MSAFIRI anayeteremka kutoka Kiserian kuelekea Magadi huacha baridi ya Milima ya Ngong na kuingia katika joto kali la Bonde la Ufa. Aghalabu hununua chupa ya maji kituoni, akayanywa njiani na kuitupa chupa kabla ya kufika Olorgesailie.

Kuacha desturi hiyo na kubeba chupa ya kudumu si jambo gumu. Swali zito ni maji yatakayoijaza, hasa katika Kaunti ya Kajiado ambako maji salama hayapatikani kila mahali.

Sheria yasemaje?

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mnamo Agosti 28, 2017, lakini chupa hazikuguswa. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika mbuga za wanyama, fuo za bahari, misitu na maeneo mengine ya hifadhi. Kwa kuwa msitu wa Milima ya Ngong husimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya (KFS), wanaopanda milima hiyo nao wanahusika.

Nje ya maeneo hayo, chupa bado huuzwa kihalali. Zinazotupwa ovyo husombwa na mvua hadi mitoni. Maji ya upande wa mashariki wa milima hiyo huelekea Mto Mbagathi, kisha Athi, ambao humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi ukiitwa Sabaki.

Je, joto huharibu maji ya chupa?

Chupa nyingi za maji hutengenezwa kwa plastiki aina ya PET, inayotambulika kwa nambari 1 iliyopigwa kitakoni. Plastiki hiyo huwa na chembechembe za antimoni, ambazo huingia majini kwa kasi zaidi joto linapopanda.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walipima jambo hilo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2008. Katika nyuzijoto 60, ilichukua siku 176 kwa antimoni kuvuka kiwango kinachoruhusiwa nchini humo, yaani mikrogramu 6 kwa lita. Katika nyuzijoto 80, ilichukua siku mbili na ushei tu.

Kwa hivyo, chupa iliyokaa saa chache ndani ya matatu si sumu. Maji ya kuepukwa ni yale yaliyorundikwa juani kwa wiki nyingi.

Funzo la Kajiado

Ajabu ni kwamba chupa hizo hizo zimewahi kuwakinga watoto wa Kajiado na maradhi. Mwaka 1996, jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliohusisha watoto 206 wa Kimaasai. Nusu yao walianika maji yao juu ya paa katika chupa za plastiki. Wengine waliyaweka ndani ya nyumba. Walioanika waliugua kuhara mara chache zaidi.

Kinachoua viini ni miale ya jua ikisaidiwa na joto. Chupa iwe angavu, maji yasiwe na tope, na ianikwe kwa angalau saa sita; mawingu yakitanda, siku mbili.

Hata hivyo, jua haliondoi floraidi, madini yanayopatikana kwa wingi katika baadhi ya visima vya Bonde la Ufa na kugeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia. Shirika la Afya Duniani (WHO) lashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii: maji hupungua, floraidi hubaki. Maji ya kisima yafaa kupimwa kwanza. Panapokosekana chanzo kingine, kichujio cha makaa ya mifupa huweza kuipunguza.

Kuchagua na kutunza chupa

Chupa ya chuma kisichoshika kutu hudumu miaka mingi. Yenye kuta mbili huhifadhi ubaridi. Yenye ukuta mmoja hupata moto upesi juani, ingawa kuifunga kwa kitambaa kibichi huipoza, kama unavyopoa mtungi wa udongo.

Mdomo uwe mpana ili mkono au brashi ipite. Ioshwe kila siku kwa maji moto na sabuni, pamoja na kifuniko, kisha iinamishwe ikauke. Chupa chafu hufuga viini hata ikijazwa maji safi.

Anayenunua maji ya kujaziwa dukani aulize yanatoka wapi, yamesafishwa vipi, na kama muuzaji ana kibali cha Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS). Akikosa jibu la kuridhisha, heri ayachemshe maji hayo au ayatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko, kabla ya kuijaza chupa yake na kushika njia.