Samaki wa Vilindini na Imani Yetu

Wazazi wengi wa Mtwara hufurahi mtoto anapopata nafasi ya kusoma biolojia chuo kikuu, kisha huingiwa na hofu. Huja kwa mchungaji na swali moja: akishasoma habari za mageuko ya viumbe, bado atasali nasi? Swali hilo si dogo. Napenda tulitazame kupitia historia ya samaki mmoja wa bahari yetu.

Desemba 1938, karibu na mji wa East London, Afrika Kusini, meli ya uvuvi ilileta samaki mkubwa wa rangi ya buluu, mwenye mapezi mazito kama viungo. Marjorie Courtenay-Latimer, msimamizi wa makumbusho ya mji huo, hakumjua, lakini hakumtupa. Alimchora, akamwandikia J. L. B. Smith, mwalimu wa kemia aliyependa kuchunguza samaki. Smith alitambua kwamba ni silikanti. Wataalamu walikuwa wanaijua jamii hiyo kwa mabaki yaliyogeuka mawe tu, wakiamini ilitoweka pamoja na dinosaria. Smith alimtafuta wa pili kwa miaka 14, hata akapatikana Komoro mwaka 1952.

Mwaka 2003 akatokea kwetu. Wavuvi wa Songo Mnara, Kilwa, walimnasa, na baadaye Tanga wakavuliwa wengine wengi. Kama wavuvi wale wasingetoa habari, wasomi wasingekuwa na cha kuchunguza.

Katika maabara ya biolojia ya mageuko, kipande kidogo cha nyama hutosha. Watafiti husoma maandishi ya urithi yaliyo ndani ya chembe zake, huhesabu tofauti kati ya samaki na samaki, kisha hukadiria ni lini koo zao ziliachana. Ni kazi ya subira. Mwanafunzi hurudia kipimo kilekile mara nyingi mpaka aridhike kwamba hakujidanganya. Mwaka 2011 watafiti wa Japani na Tanzania walitangaza kwamba silikanti wa Tanga ni kundi la peke yake, lililotengana na wengine zamani sana, walakini wale wa kusini mwa Tanzania ni ndugu wa wale wa Komoro. Na tukumbuke kwamba mkondo mkubwa wa bahari utokao mashariki hufika pwani ya Afrika karibu na mdomo wa Ruvuma, ukagawanyika, tawi moja likienda kaskazini na jingine kusini.

Je, habari hizi zinampunguza Mungu? Mchungaji wa Kilutheri Dietrich Bonhoeffer, akiwa gerezani mwaka 1944, alionya tusimfanye Mungu kuwa kiraka cha kuziba mapengo ya elimu yetu, kwa maana elimu ikikua, Mungu wa namna hiyo atazidi kusukumwa nje. Imani iliyojengwa juu ya yale ambayo wasomi hawajayajua haina budi kuhama kila mwaka. Yetu imejengwa juu ya Kristo aliyesulubiwa na kufufuka. Nayo Katekisimo Ndogo, tunayowafundisha vijana wa kipaimara, inaihesabu akili miongoni mwa vipawa vya Muumba. Mtu akitumia kipawa kwa uaminifu hamkosei aliyempa.

Wasomi nao wana la kujifunza hapa. Walikuwa na hakika kwamba silikanti hayupo tena, kumbe alikuwa akiogelea. Ndiyo maana katika kitabu cha Ayubu, Mungu anapotaka kumnyenyekeza mtu, humwuliza habari za vilindi vya bahari.

Basi, mzazi mpendwa, mwanao akirudi likizo, mwulize kwanza anachosoma, umsikilize mpaka mwisho, ndipo umwulize kama anasali. Na sisi wazee wa usharika tumpe nafasi awaeleze watoto wa shule ya Jumapili habari za samaki huyu. Kijana anayeona elimu yake imepokelewa kanisani hatakuwa na sababu ya kuchagua kati ya maabara na madhabahu.