Jinsi Meru na Embu Zilivyokosa Ardhi ya Viwanda

Kaunti za Meru na Embu zina karibu kila kitu anachohitaji mwenye kiwanda, isipokuwa mahali pa kukijenga. Watu wapo: sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 1,545,714 Meru na 608,599 Embu. Malighafi ipo, tangu majani chai na kahawa za kando ya msitu wa Mlima Kenya, maziwa, ndizi na makadamia, hadi maembe na mtama wa nyanda za chini za Mbeere, huko Embu. Lakini mtu akitaka ekari 20 zilizo pamoja, zisizo na kesi, zenye barabara na maji, aghalabu hana budi kubembeleza familia kumi au ishirini zimuuzie vipande vya urithi wao. Wengi husema tatizo ni kwamba maeneo haya hayakuwahi kupangwa. Historia inasema vingine. Ni sehemu chache za Kenya zilizopimwa na kugawanywa kwa uangalifu kama Embu na Meru. Kosa ni kwamba zilipangwa kwa ajili ya shamba peke yake, na kiwanda kikaachiwa kijitafutie pa kukaa.

Chanzo chake ni miji yenyewe. Waingereza waliweka kituo Embu mwaka 1906 baada ya kuwashambulia wenyeji kwa silaha, na miaka miwili baadaye afisa E. B. Horne akafungua kituo cha Meru. Vyote viwili vilikuwa vituo vya utawala: boma, mahakama, jela, ofisi ya kodi, kisha safu ya maduka ya Wahindi. Kupanga mji chini ya utawala huo wa Waingereza kulikuwa hasa kuwatenganisha watu kwa rangi. Ripoti ya Profesa W. J. Simpson kuhusu afya ya miji, iliyoandikwa 1913, ilipendekeza Wazungu, Waasia na Waafrika wakae mbalimbali, na pendekezo hilo likaathiri sura ya miji ya Kenya kwa miaka mingi. New York ilipotunga kanuni zake za kugawa mji kwa matumizi mwaka 1916, moja ya mabishano makubwa huko lilikuwa umbali kati ya karakana za nguo na maduka ya kifahari. Huku kwetu swali hilo la kazi na mahali pake halikuulizwa, kwa sababu hakuna aliyetarajia Mmeru au Mwembu awe na karakana. Viwanda vilifuata reli. Reli ilifika Thika 1913 na Nanyuki 1930, ikaupitia mlima upande wa magharibi. Embu na Meru, zilizo upande wa mashariki na kusini-mashariki, hazikuipata, na hazijaipata hadi leo.

Mpango mkubwa ulikuja katikati ya vita vya Mau Mau. Mwaka 1954 serikali ilichapisha mpango wa Roger Swynnerton wa kuendeleza kilimo cha Waafrika, ukiungwa mkono na pauni milioni 5 kutoka Uingereza. Vipande vya ardhi vilivyotawanyika miongoni mwa Wakikuyu, Waembu na Wameru vilikusanywa ili kila familia ipate shamba moja lenye mipaka na cheti. Sheria ya usajili wa ardhi hizo ikafuata 1959. Inafaa kutazama kwa karibu kazi hiyo ilivyofanywa. Kamati ya wazee ilikaa, vipande vya kila mtu vikapimwa na kujumlishwa, kisha kabla ya mtu kuonyeshwa shamba lake jipya, asilimia fulani ilikatwa kutoka kwa kila mmoja. Makato hayo ndiyo yaliyotoa barabara, viwanja vya shule, makanisa, masoko na majosho ya ng'ombe. Hakuna aliyenunuliwa ardhi yake, wala hakuna aliyebeba mzigo peke yake. Ukipita leo barabara ya Runyenjes au ya Nkubu ukaona shule ya msingi imekaa katikati ya mashamba, yaelekea unapita juu ya makato hayo.

Kazi hiyo ilianza chini ya hali ya hatari, watu wakiwa wamesukumwa vijijini kwa nguvu na wengine wakiwa kizuizini ardhi yao ikigawanywa bila wao. Dhuluma hiyo haifai kufichwa. Lakini kanuni ya makato ni jambo jingine, na ndiyo hoja kuu ya makala haya: hapo ndipo ardhi ya umma ilipopatikana kwa wingi katika nyanda za juu za Embu na Meru, na ilipatikana kwa sababu ilitengwa kabla ya mtu yeyote kupewa cheti. Tatizo ni orodha ya matumizi yaliyotengewa. Swynnerton mwenyewe alikubali kwamba mpango wake ungezaa tabaka la wenye ardhi na tabaka la wasio nayo, na aliliona hilo kuwa hatua ya kawaida katika maendeleo ya nchi. Sasa hao wasio na ardhi wangefanya kazi wapi? Soko lilitengewa ekari, shule ikatengewa ekari, hata ng'ombe wakatengewa josho. Karakana haikuwamo.

Pasipo mpango wa viwanda, mazao yenyewe yakawa ndiyo wapangaji. Kahawa iliruhusiwa kwa Waafrika wa Meru, Embu na Kisii mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwa idadi ndogo na kwa masharti mengi, na baada ya mpango wa 1954 ikaenea haraka. Buni iliyoiva huharibika isipomenywa mapema, na kuimenya na kuiosha kunahitaji maji mengi. Kwa hiyo viwanda vya vyama vya ushirika vilishuka mabondeni, kando ya mito. Majani chai nayo hayawezi kungoja, yakishachunwa yanapaswa kufika kiwandani baada ya saa chache tu. Ndiyo maana viwanda kama Mungania, Rukuriri na Kathangariri upande wa Embu, au Imenti, Kinoro, Githongo na Michimikuru upande wa Meru, vimo ndani ya mashamba na si mjini. Huo ni ugawaji wa ardhi kwa matumizi, tena wenye mantiki nzuri, ingawa hakuna ofisi iliyouchora. Uzuri wake una kikomo. Zao lenyewe humpangia mkulima mahali pa hatua ya kwanza tu, yaani kumenya, kukausha na kusindika kwa jumla. Hatua zinazoongeza thamani, kama kukaanga kahawa, kupaki chai, kutengeneza vifungashio, kuunda mashine na kukarabati magari ya kubebea mazao, hazifungwi na mto wala na shamba. Hizo huenda penye ardhi iliyotayarishwa, na kwa miaka mingi ardhi hiyo ilikuwa Nairobi, Thika na Mombasa. Mabondeni nako, maji machafu ya kumenyea kahawa yaliingia mitoni bila kizuizi cha maana, kwa kuwa hakuna aliyeamua mapema kiwanda kikae umbali gani na mto.

Uhuru haukubadilisha mengi katika hili. Mwaka 1963 Embu na Meru ziliingizwa katika Mkoa wa Mashariki, na Embu ikawa makao makuu. Mji ukapata ofisi na nyumba za watumishi wa serikali, kwa hiyo ardhi nzuri ya katikati ikaendelea kuwa ya utawala. Shirika la Kenya Industrial Estates lilianzishwa 1967 kusaidia wenye viwanda Waafrika, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Embu ikawa miongoni mwa miji michache iliyopewa kituo cha kuendeleza viwanda vya mashambani. Mafundi walishauriwa, wakapewa mafunzo na mikopo. Fundi akitoka kituoni, hata hivyo, alirudi kando ya barabara, kwa sababu kituo kilitoa ujuzi na hakikutoa kiwanja. Mwaka 1972 ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ilionyesha kwamba kazi nyingi zilikuwa katika sekta hiyo ya mafundi wadogo, na ikailaumu serikali kwa kuwafukuza badala ya kuwapa nafasi.

Wakati huohuo Mto Tana ulikuwa unafungwa kwa mabwawa ya umeme kwenye mpaka wa kusini wa Mbeere. Kindaruma ilianza kutoa umeme 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga ikakamilika 1981 na Kiambere 1988. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa Kenya ilitoka hapo, ukapita juu ya vichwa vya Wambeere kwenda kuendesha viwanda vya kwingine. Umeme ungeweza kuwa hoja ya kutenga eneo la viwanda karibu na Kiritiri, hukohuko Mbeere, tangu wakati huo, ardhi ikiwa bado na nafasi. Hilo halikufanyika, nami nalihesabu kuwa fursa kubwa kuliko zote zilizopotea katika historia hii.

Sheria hazikukosekana. Kulikuwa na kanuni za 1961, Sheria ya Mipango ya Ardhi ya 1968, kisha Sheria ya Mipango ya Maeneo ya 1996. Lakini michoro ya miji ilitayarishwa na idara iliyoongozwa kutoka Nairobi, huku bodi za udhibiti wa ardhi, zilizowekwa na sheria ya 1967, zikiidhinisha mashamba kugawanywa na kugawanywa tena kwa warithi. Mkono mmoja ulichora kanda ya viwanda, mwingine ukaikata kuwa ploti za futi 50 kwa 100. Halafu ukaja unyakuzi. Tume ya Ndung'u, iliyotoa ripoti yake 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma nchini kote, ikiwemo ile iliyotengewa huduma mijini, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, hasa tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Rangi ya kanda kwenye ramani haikulinda kitu pale ambapo ardhi haikuwa na hati kwa jina la umma.

Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya kupanga, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikadai mpango wa matumizi ya ardhi wa miaka 10, na Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019 ikaweka idhini ya ujenzi mikononi mwa kaunti. Kisha mwaka 2023 ukaanza mpango wa bustani za viwanda za kaunti, kila moja ikikadiriwa kugharimu shilingi milioni 500, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Embu iliweka yake Machang'a, Mbeere Kusini. Uchaguzi huo unaeleweka ukiijua historia: nyanda za juu zilishajaa, na palipobaki nafasi ni kwenye ukame. Lakini unamwachia mkulima wa Manyatta au wa Runyenjes gharama ya kushusha mazao, na unaitwika kaunti gharama ya kupeleka maji.

Kuna wanaopinga wazo lote hili la kutenga ardhi ya viwanda. Wa kwanza husema ardhi yenye rutuba ni haba mno kupewa kiwanda. Rutuba ni haba kweli, na ndiyo sababu ya kutenga. Kiwanda kisichotengewa mahali hakiachi kuja, huja kimoja kimoja na kukaa popote mwenye shamba alipokubali bei, nacho hufuatwa na nyumba za kupanga na maduka, hata mashamba ya kahawa yakamezwa njia nzima. Wa pili husema sekta ya mafundi wa jua kali imeajiri watu wengi bila kupangiwa, na mpango utaleta askari wa kaunti wa kubomoa vibanda. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa neno kanda limetumiwa mara nyingi kama rungu. Jibu ni kumtangulizia fundi kiwanja: eneo liwe tayari, lenye umeme na njia ya wateja, kabla ya mtu kuambiwa aondoke alipo. Asiyekuwa na pa kumhamishia mtu hana haki ya kumhamisha.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi: ardhi ikitengwa itanyakuliwa tu. Hapa makato ya miaka ya 1950 yana somo. Viwanja vingi vya shule katika Embu na Meru vimedumu kwa sababu kila jirani alijua viko wapi na shamba lake lilichangia kiasi gani. Ardhi inayojulikana na kijiji kizima ni ngumu kuibiwa kuliko ile inayojulikana na karani mmoja. Leo haiwezekani tena kumkata mtu asilimia bila malipo, Katiba inakataza, na ni vizuri kwamba inakataza. Lakini kaunti inaweza kununua kidogo kidogo kila mwaka wa bajeti, inaweza kudai sehemu ya umma kila shamba kubwa linapogawanywa kuwa ploti, na inaweza kusajili kila ekari kwa jina la umma na kuitangaza kwenye baraza.

Kwa hiyo msomaji wa Nkubu, Maua, Siakago au Embu mjini, mpango wa mji wako au wa kaunti utakapowekwa wazi kwa maoni, kama sheria inavyotaka, nenda ukausome. Usitosheke na rangi ya eneo la viwanda. Uliza ni ekari ngapi, hati iko kwa jina la nani, maji yatatoka mto gani na taka zitaishia wapi, kisha toa maoni yako kwa maandishi na ubaki na nakala.