Lami Ndani ya Kasha la Spika

Tukienda dukani kununua spika huuliza wati na bei, basi. Kasha lenyewe hatulitazami. Lipige kwa kifundo cha kidole: likilia kama debe tupu, ujue kila atakayesema humo mbao zitamdakia maneno.

Jambo hili liliwasumbua sana mafundi wa BBC, shirika lile lile lililoanza kututangazia kwa Kiswahili mwaka 1957. Idara yao ya utafiti ilikuwa Kingswood Warren, kusini mwa London. Shida ilikuwa hii: mtayarishaji wa kipindi akisikia sauti ya mtu ina mvumo, atajuaje kama kasoro imetoka kwenye kipaza sauti, kwenye chumba, au kwenye kasha la spika anayosikilizia? Akikosea hapo atatibu kipindi kisichoumwa, na nchi nzima itapelekewa sauti iliyoharibiwa.

Seremala atakwambia uongeze unene wa mbao. Bwana H. D. Harwood wa idara hiyo aliona vingine. Ubao mnene hauachi kutetemeka. Mtetemo wake hupanda hadi kwenye sauti za kati, yalipo maneno ya binadamu na lilipo kali sikio, na kuunyamazisha huko ni kazi. Ubao mwembamba hutetemeka chini zaidi. Ukiubandika tabaka zito la lami kwa ndani, kila unapojipinda lami huvutika nao, na mtetemo hugeuka kuwa joto, dogo mno hata kiganja hakilihisi. Vanishi ngumu haifanyi hivyo, hata ukiipaka mara kumi, kwa sababu kinachotakiwa ni kitu kizito chenye kunyumbulika. Harwood na mwenzake Mathews walichapisha vipimo vyao mwaka 1977.

Spika iliyopata sifa kwa njia hiyo ni LS3/5A ya miaka ya 1970, iliyobuniwa kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje. Ina kimo cha sentimeta 30 hivi, plaiwudi ya milimita 12, na vipande vya lami ndani. Hata koni yake ya plastiki ilipakwa dawa ya kunata ili isilie.

Mwenye gari naye ainue zulia la sakafu. Magari mengi yana vipande vya lami vilivyobandikwa juu ya bati, kwa kazi hiyo hiyo.