Konzo: Historia ya Ugonjwa wa Muhogo Mchungu

Konzo ni ugonjwa wa mfumo wa fahamu unaopooza miguu yote miwili kwa ghafla. Mtu hulala mzima, akaamka miguu imekakamaa na inatetemeka kila akijaribu kusimama. Hali hufika kilele ndani ya siku chache, kisha hubaki hivyo maisha yote: haizidi, wala haiponi. Wanaopatwa zaidi ni watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Mwenye nafuu hutembelea vidole, magoti yakisuguana, aliyelemewa hutambaa.

Mwaka 1938 daktari Mwitaliano, Giovanni Trolli, aliuandika ugonjwa huu kutoka Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji (sasa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), nchi ya Wayaka waliouita konzo. Baada ya hapo wataalamu hawakuushughulikia sana, mpaka mwaka 1981, ukame ulipoikumba Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, na watu zaidi ya 1,100 wakapooza. Kwanza ilidhaniwa ni polio. Uchunguzi, ambao madaktari Hans Rosling na Julie Cliff walishiriki, ulielekeza kwenye muhogo mchungu. Mwaka 1985 nao Tarime, mkoani Mara nchini Tanzania, ikapata ukame na konzo pamoja.

Muhogo huo si chaguo la ujinga. Huvumilia ukame, na wezi na wanyama huuogopa kwa uchungu wake. Sumu yake ni sianidi, nayo huondoka muhogo ukiandaliwa sawasawa. Kule Kongo akina mama huumenya, wakauloweka majini siku tatu au zaidi hadi ulainike, wakauanika juani, kisha wakautwanga unga. Sianidi kidogo inayosalia mwili huidhibiti wenyewe kwa salfa inayotokana na protini ya samaki, nyama au maharage. Ukame huharibu yote mawili kwa mkupuo: mihogo huzidi uchungu, njaa haingoji siku tatu, na kitoweo hakuna.

Lakini ukame peke yake hautoshi kueleza yaliyotokea Kwango na jirani zake. Huko barabara ya kwenda Kinshasa ilipoboreshwa, muhogo ukawa biashara. Wanunuzi walitaka mzigo upesi, siku tatu za kuloweka zikawa moja, na familia zikala unga uleule ulioandaliwa kwa haraka. Kuwalaumu akina mama kwa uzembe ni kuwaonea. Fedha za mavuno hayo ndizo zilizonunua chumvi, nguo na dawa.

Dawa ya kuponya konzo haijapatikana. Wagonjwa husaidiwa kwa mazoezi ya viungo, magongo, na wengine kwa upasuaji wa kurefusha kano ya kisigino. Kinga ndiyo iliyopiga hatua. Mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia alibuni njia isiyohitaji mtambo: unga hukorogwa na maji kidogo, hutandazwa kwa tabaka jembamba, huachwa kwa saa mbili juani au saa tano kivulini ili sianidi ipae hewani, kisha husongwa ugali siku hiyohiyo. Akina mama wa kijiji cha Kay Kalenge, katika eneo la Popokabaka nchini Kongo, walifundishwa njia hiyo na kufuatiliwa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Katika muda huo hakupatikana mgonjwa mpya hata mmoja kijijini.