Mfungulie Njia

Kwa simu mimi ni mkali wa sataranji. Nairobi tunaiita chess, na ndani ya matatu ya Eastleigh namaliza hata michezo mitatu. Kwa hiyo nilipofika Griftu, kaunti ya Wajir, nikamkuta abti wangu, kaka wa mama, chini ya mti akicheza shax na wazee wenzake, nilijua nitamtwanga. Tukawekeana dau: nikishinda naondoka na gari la jioni, nikishindwa nalala kwake wiki nzima.

Shax huchorwa mchangani kwa kidole. Miraba mitatu, mmoja ndani ya mwingine, na mistari minne ya kuiunganisha katikati ya kila upande. Vituo 24. Kila mtu ana kete 12. Yeye mawe, mimi vijiti. Kete tatu zikikaa mstari mmoja umepata jare. Kitabu cha michezo alichoagiza mfalme Alfonso X wa Kastilia, kilichokamilika 1283, kina sataranji, na kina pia mchezo wa miraba kama hii, ila wa kete 9. Ule wa Wasomali uliingia katika jarida la Royal Anthropological Institute la London mwaka 1931, G. Marin alipoandika kuhusu michezo yao.

Kwenye ule wa kete 9, ukipata jare wakati wa kupanga unakula palepale. Shax hapana. Mnapanga zote 24 mpaka ubao unajaa, hakuna pa kusogea. Ndipo mwenye jare ya kwanza anaondoa kete moja ya mwenzake, na mwenzake naye anaondoa moja, mchezo unapata pumzi. Lakini jare ya kwanza ilipita zamani, na hakuna aliyeandika. Mimi niliapa ni yangu. Abti hakubisha, aliwatazama tu wale wazee. Wakaurudia upangaji wote kwa mdomo, kete baada ya kete. Ilikuwa yake.

Hata hivyo nilipigana. Kuelekea magharibi nilikuwa na kete 5, yeye 4: tatu zimekaa jare upande wa juu, ya nne ubavuni. Nikazifunga zote. Hakuna jiwe lake lililoweza kusogea. Nikainua mikono kama mtu wa Gor Mahia.

"Bado," mzee mmoja akasema. "Mfungulie njia."

Kwenye sataranji, mfalme asiposhambuliwa na mtu akakosa pa kucheza, mechi ni sare. Kwenye ule wa kete 9 aliyefungwa ameshindwa. Kwenye shax aliyemfunga mwenzake lazima asogee amwachie nafasi, na hata akipata jare kwa kusogea huko, hali kitu. Sheria ya watu wanaonywesha mifugo kisima kimoja, nilijiambia, ingawa huenda ni hasira tu zilizokuwa zikinisemesha.

Nikasogeza kijiti cha pembeni. Abti akatoa jiwe la kona kwenye jare yake, akalishusha pale nilipotoka. Kona ikabaki wazi na sikuwa na kete ya kuifikia. Zamu yake ikarudi, akalirudisha jiwe. Jare. Akala kijiti kilekile nilichosogeza. Akatoka tena, akarudi tena, kama mtu anayekama ngamia, mpaka nikabaki na viwili.

"Abti," akaniita, kwetu mjomba na mpwa huitana hivyohivyo. Akafuta mchanga kwa kiganja. "Chora."

Gari lilishaondoka tangu tukiwa na kete saba saba.