Imani, Kisasi na Mateka wa Washington

Jumatano, Machi 9, 1977, wanaume saba wenye bunduki na mapanga waliingia makao makuu ya B'nai B'rith, jumuiya ya Kiyahudi iliyokuwa na ofisi zake Rhode Island Avenue, Washington. Muda si mrefu wenzao watatu wakauteka msikiti wa Kituo cha Kiislamu, Massachusetts Avenue, na wawili wengine wakalivamia jengo la serikali ya jiji. Kwa saa 39 watu 149 wakawa mateka. Maurice Williams, mwandishi wa redio mwenye umri wa miaka 24, aliuawa kwa risasi. Diwani Marion Barry, ambaye baadaye alikuja kuwa meya, alijeruhiwa kifuani.

Kiongozi wa kundi hilo, Hamaas Abdul Khaalis, hakuficha kwamba alikuwa akitenda kama Mwislamu. Alidai filamu ya Moustapha Akkad kuhusu Mtume Muhammad iondolewe kwenye majumba ya sinema, ingawa katika filamu hiyo Mtume haonekani wala sauti yake haisikiki. Maneno yake juu ya Wayahudi yalijaa chuki. Kwa anayetafuta ushahidi kwamba dini huzaa umwagaji damu, kesi hii inaelekea kwisha kabla haijasikilizwa.

Lakini Khaalis alikuwa na madai mengine. Alitaka aletewe watu waliohukumiwa kwa kuiua familia yake. Miaka ya 1950 alikuwa katibu wa taifa wa Nation of Islam, chama cha Waislamu weusi wa Marekani. Akajitoa, akaanzisha jumuiya yake ya Kihanafi, kisha akawaandikia barua wahubiri wa chama alichokihama akimshutumu kiongozi wao, Elijah Muhammad, kwa kuupotosha Uislamu. Januari 18, 1973, watu kutoka Philadelphia wenye uhusiano na chama hicho waliingia nyumbani kwake Mtaa wa 16, katika nyumba iliyonunuliwa na mchezaji wa mpira wa kikapu Kareem Abdul-Jabbar. Waliua watu saba. Watoto wanne walizamishwa majini, na mdogo kabisa alikuwa na umri wa siku tisa. Wakati wa kesi Khaalis alishindwa kujizuia, akapayuka mahakamani, na jaji akamtoza faini ya dola 750 kwa kudharau mahakama. Miaka minne baadaye, akiwa ameushikilia mji mkuu wa Marekani kwa mtutu wa bunduki, alidai pia arudishiwe dola zake 750. Nadharia nyingi kuhusu itikadi kali hazina mahali pa kuiweka faini hiyo.

Mji huohuo umetoa majibu mawili mepesi kwa swali la dini na vurugu. Septemba 17, 2001, siku sita baada ya ndege kuipiga Pentagon, Rais George W. Bush alikwenda katika msikiti uleule uliotekwa mwaka 1977 na kutangaza kwamba Uislamu ni amani. Lilikuwa tendo la busara kisiasa, na huenda liliwaepusha watu wengi na kipigo mitaani. Kama maelezo, hata hivyo, halielezi kitu, kwa sababu linamtoa muuaji katika dini yake kwa tamko la rais. Miaka sita baadaye mkazi mwingine wa Washington, Christopher Hitchens, alichapisha kitabu chake *God Is Not Great*, akishikilia kwamba dini hukitia sumu kila inachokigusa. Huyu naye alijibu swali kabla ya kulichunguza.

Kisa cha Khaalis kinawasumbua wote wawili. Mauaji ya 1973 yalitokana na ugomvi wa nani Mwislamu wa kweli, kwa hiyo haitoshi kusema kwamba dini ilikuwa kisingizio cha jambo jingine. Wakati huohuo, Khaalis wa barua na Khaalis wa bunduki walikuwa na imani moja. Alimpinga Elijah Muhammad kwa kalamu na kwa hoja za dini. Miaka michache baadaye aliteka watu akiwa na hoja zilezile. Kilichoongezeka katikati ni makaburi saba, na hukumu ya mahakama ambayo yeye aliiona haijamtosheleza. Jambo lisilobadilika haliwezi peke yake kueleza badiliko. Imani ilisaidia kumwonyesha adui, ikampa na lugha ya kudai, lakini haikumtuma siku ile ya barua.

Namna mateka walivyookolewa inafundisha pia. Mabalozi watatu kutoka nchi za Kiislamu, Ashraf Ghorbal wa Misri, Sahabzada Yaqub Khan wa Pakistan na Ardeshir Zahedi wa Iran, waliketi naye na kumsomea aya za Kurani kuhusu huruma. Aliwasikiliza kwa heshima ambayo polisi wasingeipata hata wangezungumza mwezi mzima. Bila shaka kulikuwa pia na makubaliano ya kidunia: aliruhusiwa kurudi nyumbani bila dhamana baada ya kufikishwa mbele ya hakimu, jambo lililowakera wengi. Lakini kitabu alichokitumia kujihalalisha ndicho kilichowapa mabalozi njia ya kumfikia, kwa sababu aliwakubali kuwa watu wenye haki ya kukisoma.

Ushahidi kutoka Afrika unaelekea upande huohuo. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa matokeo ya mahojiano na watu 495 waliojiunga kwa hiari na makundi kama Al-Shabaab na Boko Haram. Asilimia 51 walitaja dini kuwa sababu ya kujiunga. Hata hivyo, asilimia 57 walikiri kwamba wanaelewa maandiko ya dini kidogo tu au hawayaelewi kabisa, na asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwishoni ni kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Kusoma elimu ya dini kwa angalau miaka sita kulipunguza uwezekano wa kujiunga. Takwimu hizi zinaonekana kupingana kwa anayedhani dini ni maandiko tu. Kwa vijana hao dini ilikuwa zaidi jina la kundi lao, la watu wanaoonewa.

Wakristo nao wana sura yao katika habari hizi. Januari 6, 2021, baadhi ya waliovamia Bunge mjini Washington walisimama katika ukumbi wa Seneti wakaomba kwa jina la Yesu. Kwa imani hiyohiyo, Makamu wa Rais Mike Pence, Mkristo wa kiinjili waliyekuwa wakimsaka, alikataa kubatilisha matokeo ya uchaguzi, na katika barua yake ya siku hiyo alimwomba Mungu amsaidie kutimiza kiapo chake.

Ugumu kwa hoja hii unakuja Shakahola. Katika msitu huo wa kaunti ya Kilifi, Kenya, miili zaidi ya 400 imefukuliwa tangu Aprili 2023. Ni ya watu wanaodaiwa kuambiwa na mhubiri Paul Mackenzie wafunge mpaka kufa ili wakutane na Yesu. Hapo hapakuwa na ndugu wa kulipiziwa kisasi wala faini ya jaji. Fundisho lenyewe ndilo linaloelekea kuua, na mtetezi wa dini anayesema huo si Ukristo anarudia kosa la 2001. Hata hivyo, uchunguzi wa miili ulionyesha kwamba si wote waliokufa kwa njaa. Wengine walikuwa na dalili za kunyongwa na kupigwa, wakiwamo watoto, ambao hawakuchagua imani yoyote. Fundisho lilihitaji msitu ulio mbali na majirani, na mikono ya kuwazuia waliotaka kula.

Tangu hapo mjadala nchini Kenya umejikita katika usajili wa makanisa na sifa za wahubiri. Mackenzie, ambaye amekana mashtaka, alikuwa amekamatwa mwaka 2017 kuhusiana na watoto waliozuiwa kwenda shule, na tena mwaka 2019, miaka minne kabla ya kaburi la kwanza kufukuliwa.