Soketi yenye kinga ya umeme unaovuja

Ni soketi ambayo kinga yake hulinganisha umeme uendao chomboni na ule urudio, na tofauti ifikapo kadiri ya miliampea 30 huukata kabla haujamdhuru mtu. Bukoba na Muleba, ambako mvua za ziwani hulowesha kuta, kinga hiyo hukatika mara kwa mara, na wako mafundi, astaghfirullah, waiondoao kabisa ili kuondoa udhia. Kuijaribu, umeme ukiwapo, hubonyezwa kitufe chenye herufi T. Isipokata, ibadilishwe; na hata ikikata, jaribio hilo halithibitishi uzima wa waya wa ethi. Ikikataa kurudi, vyombo vyote huchomolewa, kisha huchomekwa kimoja kimoja, birika na pasi zikitangulia kushukiwa, hata chenye illa kidhihirike. Na ikikataa ilhali hakuna kilichochomekwa, kasoro huenda imo katika soketi yenyewe, nyaya au unyevu wa ukutani, nayo ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji ya Tanzania.